Kikombe cha Babu Walikipangia Foleni, Kikopo cha Maabara Wanakikimbia

Kuna dada mmoja wa Kijenge, jina lake libaki kwake, ana bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani mna picha nne za altrasaundi, majibu ya homoni ya mara mbili, picha ya mirija ya uzazi na rundo la risiti ambazo ameshindwa kuzitupa. Miaka sita ya ndoa imo humo. Bahasha imepanda naye vifodi vya mjini, imeenda naye Moshi, imelala naye kwa dada yake Dar wiki nzima. Mumewe ni dereva wa watalii, mcheshi, nusu ya mtaa inamjua. Yeye hana bahasha. Hana hata karatasi moja.

Mwaka jana dada akabadilisha daktari. Daktari mpya akazitandaza karatasi mezani, akazisoma moja moja, halafu akauliza, "Za baba ziko wapi?" Dada akajibu kama alivyozoea: baba yuko porini na wageni. Daktari akazirudisha karatasi kwenye bahasha. "Mama, wewe umeshapimwa vya kutosha. Sikupimi tena mpaka na yeye aje."

Alitoka pale amenuna, akaona kama kafukuzwa. Ilimchukua siku mbili kuelewa kwamba ndani ya miaka sita huyo ndiye mtu wa kwanza kusema hiyo mimba inatafutwa na watu wawili.

Ukikaa Chuga hadithi hii unaisikia kila kona, Njiro, Sakina, Unga Limited mpaka Usa River, kinachobadilika ni majina tu. Mwanamke anazunguka hospitali, anazunguka kwa waombeaji, anazunguka kwa wauza mizizi. Mwanaume yuko nyumbani anasubiri majibu ya mwanamke. Akiulizwa, anasema "tunashughulikia". Tunashughulikia! Mguu wake haujawahi kukanyaga hata mapokezi.

Na mastaa hawajapona. Staa wa kike akiolewa, mwaka ukipita tu, watu wanaanza kuzivuta picha zake kwa vidole viwili kutafuta tumbo. Gauni likiwa pana, komenti mia tatu. Akinywa soda kwenye sherehe, "jamani hapo kuna kitu". Ukiingia mwaka wa tatu maneno yanageuka: alitoa sana mimba ujanani, alichoma sana sindano za uzazi wa mpango. (Sindano hizo huchelewesha tu, mimba inaweza kuchukua miezi kadhaa mpaka mwaka kuingia baada ya kuziacha, ila haziui kizazi. Hilo nalo lisemwe, maana limewavunjia wanawake wengi heshima zao.) Mumewe yupo kwenye picha hiyo hiyo, kavaa miwani nyeusi, mkono kiunoni kwa mkewe, na hakuna hata mmoja anayemvuta yeye kwa vidole viwili.

Kitabibu mambo yako wazi kuliko watu wanavyodhani. Wanandoa wakikutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isiingie, waende hospitali. Mwanamke akiwa amevuka miaka 35 wasingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu zake, karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia shida hii wakati fulani maishani. Chukua kifodi kimoja kilichojaa kutoka Ngaramtoni asubuhi, humo ndani hawakosi wawili watatu, na wamekaa kimya. Halafu kuna hii ambayo haisemwi vya kutosha: kwa karibu nusu ya wanandoa wenye shida ya kupata mtoto, tatizo la upande wa mwanaume limo, ama peke yake ama likisaidiana na la mwanamke. Nusu, siyo mmoja mmoja kwa bahati mbaya.

Sasa turudi nyuma kidogo, 2011. Watu wa Arusha wanaikumbuka vizuri. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa anagawa kikombe cha dawa ya mugariga pale kijijini Samunge kwa shilingi 500. Magari yalitoka mjini, yakapita Mto wa Mbu, yakala vumbi la kuelekea Ziwa Natron, na foleni ikawa kilometa na kilometa. Watu walilala siku kadhaa ndani ya magari, wengine walifia njiani kabla hawajafikiwa. Wanaume walikuwepo, tena kwa wingi, na hakuna aliyeona aibu kuonekana ameshika kikombe. Mawaziri wenyewe walikwenda. Babu alifariki Julai 2021, lakini foleni ile bado inasimuliwa kwenye vijiwe vya kahawa kama vita fulani ambayo kila mzee alipigana.

Kikopo cha maabara hakina vumbi hata kidogo. Ni cha plastiki, kina mfuniko, kinaandikwa jina na saa. Kipimo kinafanyika hapa hapa mjini kwa pesa ndogo sana ukilinganisha na zilizoishia kwenye ile bahasha. Mwanaume anatakiwa akae siku 2 mpaka 7 bila kukutana na mwanamke wala kujichua, kisha atoe mbegu mwenyewe moja kwa moja kwenye kikopo, bila kondomu ya kawaida na bila mafuta wala mate, kwa sababu vyote hivyo vinaharibu mbegu. Akitolea nyumbani, kikopo kifike maabara ndani ya saa moja na kisipigwe baridi. Asubuhi ya mwezi wa sita, Meru imejifunika ukungu na watu wametoka na makoti mazito, kikopo kinakaa mfuko wa ndani wa koti karibu na ngozi. Basi. Hakuna sindano wala kuchanwa.

Linganisha na picha ya mirija aliyopigwa mkewe. Mwanamke analala kwenye meza ya eksirei, anapanua miguu mbele ya watu asiowajua, dawa inasukumwa kupitia mlango wa kizazi ili ionekane kama mirija imeziba, na tumbo linabana kama hedhi ya siku mbaya kuliko zote. Dada wa Kijenge alitoka pale akapanda kifodi amejikunja. Angeweza kupimwa hivyo baada ya mume kupimwa na kuonekana mzima. Kwa nini kipimo chepesi na rahisi kinawekwa mwisho, na kile cha maumivu kinatangulia? Jibu la kweli ni kwamba chepesi ni cha mwanaume.

Wanaume wenyewe wakibanwa wana sababu zao, na ni vizuri zisikilizwe kabla hazijachekwa. Ya kwanza ni kuchanganya nguvu na mbegu. Jamaa jogoo wake anawika kila alfajiri, anajiona hana deni. Lakini nguvu za kiume ni kitu kimoja na mbegu ni kitu kingine kabisa. Majimaji yanaweza kutoka mengi yasiwe na mbegu hata moja ndani yake, na kwa macho hakuna mtu duniani anayeweza kujua, ndiyo maana kuna hadubini. Mwanaume anaweza kuwa na mishipa ya korodani iliyovimba bila kuhisi maumivu yoyote. Anaweza kuwa aliugua matubwitubwi akiwa kijana ameshabalehe yakateremka kwenye korodani, au alipata kisonono enzi hizo akanywa dawa nusu akaacha. Supu yenye mizizi ya Kimasai anaweza kuinywa kila Jumamosi na nyama choma pembeni, na haitagusa lolote kati ya hayo.

Halafu kuna hili la jimu, na vijana wa mjini walisikie vizuri. Zile sindano na vidonge vya homoni ya kiume vinavyouzwa kimya kimya kwa wanaotaka kifua kijae haraka, vinashusha mbegu. Mwili ukiona homoni inaingia kutoka nje, unafunga kiwanda cha ndani. Mtu anaonekana dume la mbegu, kumbe mbegu zenyewe hana. Wengi hurudi sawa wakiacha, lakini inachukua miezi, na wengine hukawia sana.

Sababu ya pili ni ile ya "mimi mtoto ninaye". Alizaa akiwa na miaka 22 kwao kijijini, sasa ana 38, anaona cheti anacho. Mwili wa miaka 22 si wa 38, na kati hapo kuna magonjwa, pombe, sigara na mengine anayoyajua mwenyewe. Mtoto wa zamani anathibitisha mambo ya zamani.

Ya tatu haisemwi kwa sauti: anaogopa majibu. Na hapa lazima watu wawe waungwana kidogo. Kijana wa Kiarusha au Kimeru amekuzwa akiambiwa uanaume ni boma lenye watoto. Kumwambia hadubini haikuona kitu ni kumvua nguo mbele ya ukoo mzima. Woga huo ni wa kweli. Ila mkewe naye anaogopa majibu, na ameyafuata mara saba.

Cha ajabu ni kwamba wazee walilijua hili zamani. Waswahili wana usemi wao, kitanda hakizai haramu. Wamasai na Waarusha nao kwa desturi mtoto wa mke ni wa mwenye boma, na mambo ya nani alipita usiku hayachimbwi. Jamii isiyojua kwamba mwanaume anaweza kupungukiwa ingetunga taratibu kama hizo za nini? Walijua. Walichofanya ni kumsitiri mwanaume na kumwacha mwanamke aitwe tasa, na vijana wa leo wenye simu za kisasa mkononi wamerithi sitara hiyo vilevile ilivyo.

Kuna lawama ya hospitali pia, na isifichwe. Mwanaume akijikaza akaenda, anaelekezwa kliniki ambayo ukutani imechorwa mama mwenye tumbo, benchi zote zimekaliwa na wajawazito, na dirishani anaulizwa kwa sauti ya mnadani, "Kaka, shida yako nini?" Akinong'ona, anaambiwa aongee. Akipewa kikopo anaelekezwa choo cha wote, mlango hauna komeo, nje mtu anagonga na ndoo. Mwanaume gani atafanikiwa hapo? Chumba kimoja chenye kitasa kinachofunga kingeokoa ndoa nyingi kuliko semina. Na wahudumu wapunguze ile tabia ya kumwandikia mke vipimo peke yake kwa sababu ndiye aliyekuja. Yule daktari wa dada wa Kijenge aliyekataa, wangekuwa kumi kama yeye mjini hapa hali ingekuwa nyingine.

Mlango wa hospitali ukiwa mgumu hivyo, wale wa mtandaoni wanaacha wa kwao wazi saa 24. "Zibua mirija kwa siku 7." "Safisha kizazi." "Ondoa UTI sugu na chango la uzazi, mzigo unatumwa mikoa yote kwa basi." Kila staa akiposti tumbo lake, hawa ndio wa kwanza kufika chini ya picha, na namba ya WhatsApp imeshatangulia. Wanajibu haraka, wanaita watu "mpendwa", hawapigi kelele dirishani. Ndiyo wanavyoshinda. Lakini mirija iliyoziba kwa makovu ya maambukizi ya zamani haizibuliwi na unga wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Unga unashuka tumboni kama chakula, hauna njia ya kufika kwenye mirija. Na angalia matangazo yenyewe: yanayomlenga mwanaume ni ya nguvu tu, yanayomlenga mwanamke ni ya kizazi. Hata matapeli wameshagawana kazi kwa mtindo ule ule, yeye starehe, mke lawama. Hasara kubwa hapo ni muda. Mwanamke wa miaka 33 akimaliza "dozi" za miaka mitatu ana 36, na mayai hayasubiri.

Kwenda hospitali wawili hakumaanishi mtoto lazima atapatikana, na anayeahidi hivyo naye ni wa kuogopwa. Kuna wanaotibika kwa vidonge. Kuna wanaohitaji upasuaji mdogo. Kuna ambao shida yao ni kalenda tu: dereva anaondoka na wageni siku 10, anarudi siku 3, anaondoka tena, na siku za hatari za mkewe zinamkuta Serengeti, wenye kazi za machimbo Mirerani wanalijua hilo pia. Kuna wanaoambiwa njia iliyobaki ni kupandikiza mimba, ile iliyomleta Louise Brown huko Uingereza 1978. Tangu 1992 wataalamu wanaweza hata kuchukua mbegu moja tu na kuichoma ndani ya yai, jambo lililowapa watoto wanaume ambao zamani wangeambiwa basi. Dar es Salaam huduma ya kupandikiza ipo, ila ni ya mamilioni, na wengi wa Unga Limited hawataifikia. Na kuna ambao vipimo vyote ni vizuri na mtoto haji, hakuna anayejua kwa nini. Hayo yote ni majibu. Mtu anaweza kupanga maisha akiwa na jibu, hata likiwa baya. Hawezi kupanga maisha akiwa na nusu ya vipimo.

Dada wa Kijenge alingoja masika. Aprili wageni wanapungua, magari ya safari yanalala gereji, mume yuko nyumbani. Usiku mmoja akaiweka bahasha mezani karibu na sahani ya ugali, akasema, "Mume wangu, hizi ni zangu zote. Nataka moja tu yako." Jamaa akauliza kwani yeye ana nini. Akatoka nje kupiga simu. Wiki mbili hawakuongea vizuri. Mwanzo wa Mei akaamka mapema, akavaa koti na kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaondoka bila kunywa chai.

Pale kwenye benchi akamkuta dereva mwenzake, kofia imeshuka vilevile. Wakaangaliana. Wakasalimiana kama wamekutana geti la Naabi, habari za barabara, habari za tembo, wakahamia kwenye bei ya mafuta. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amefuata nini. Lakini kwa mujibu wa mkewe, alirudi nyumbani amechangamka kidogo, na neno la kwanza alilosema ni kwamba kumbe wako wengi.

Majibu yalikuwa mbegu chache, tena za uvivu. Daktari akaomba kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa, maana kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Cha pili kikaja karibu sawa na cha kwanza. Alipochunguzwa mwili ikaonekana mishipa ya korodani ya kushoto imevimba, akaandikiwa rufaa kwenda Moshi kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, akaambiwa hata akitengenezwa leo asitarajie kitu mwezi ujao, mbegu mpya zinahitaji takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa. Akasema sawa. Kisha wageni wa Juni wakaingia akaenda porini, ila safari hii tarehe ya Moshi iko kwenye simu yake, siyo ya mkewe. Anapiga usiku akipata mtandao, anauliza kama karatasi ziko salama. Ameanza kuziita karatasi "zetu".

Kimebaki kitu kimoja. Kwao ni Sambasha, juu huko kwenye miteremko ya Meru, na kila Desemba ukoo unajaa. Mwanamke kule anaitwa kwa mtoto wake, Ng'oto fulani, na huyu dada mwaka wa sita sasa anaitwa kwa jina la mume kama mgeni. Mama mkwe si mkorofi, ila akishapakua loshoro huwa anauliza tu, kwa upole unaoua, "Mwanangu, hospitali wanasemaje juu yako?" Na kila mwaka mkwe anainama, anasema wanaendelea na dawa. Mume anakuwa pembeni anachoma nyama, anasikia kila neno.

Mama huyo mpaka leo hajaambiwa kuhusu vile vipimo viwili. Mke amesema hatasema, mama si wake. Na hapo yuko sahihi kabisa. Aliyetoa kikopo ndiye wa kufungua mdomo, kwa mama yake, pale pale kwenye jiko la nyama, kabla swali halijaulizwa kwa mara ya saba.